Pete ya plastiki na shamba la Mjomba

 Najua nimepotea hapa ukumbini kwa muda mrefu. Zamu za usiku zimenibana, si mnajua tena kazi za watu. Mama Mdogo, mafua yameisha, ahsante kwa kuniulizia.

Leo siandiki habari za baridi wala bei ya mihogo kwenye maduka ya Soho Road. Leo nawaletea habari za mkanda. Siyo mkanda wa kiunoni, wala zile kanda za taarab za Shangazi zilizoliwa na redio. Nasema mkanda wa kompyuta, ule wa kizamani uliozungushwa kwenye gurudumu kubwa kama sahani ya pilau. Kwa wengine hilo ni jambo la mafundi. Kwetu sisi ni jambo la ukoo, kwa sababu kwenye mkanda kama huo kuna shamba la Mjomba.

Vijana hamkuwepo, ngoja niwasimulie. Miaka ya themanini wapimaji walipita kule kwetu, wakakata njia iliyonyooka kama rula katikati ya mikorosho. Wakatandaza nyaya, wakachimba vishimo, wakatia baruti, wakalipua. Ardhi ikatetemeka, kuku wakatawanyika, bibi zetu wakasoma dua. Baada ya siku chache wakakunja nyaya zao wakaenda. Tangu hapo Mjomba ana swali moja, na tangu nije Uingereza amenikabidhi mimi: "Mwanangu, uko huko huko kwao. Hebu waulize, walichukua nini shambani kwangu?"

Basi bwana, jibu nimelipata, na nimelipata hapa hapa Hockley.

Kwa msiopajua, Hockley ni upande wa Birmingham ulio kaskazini magharibi ya katikati ya mji. Ndipo ulipo mtaa wa masonara, Jewellery Quarter, vibanda na karakana za pete na mikufu tangu enzi za mababu zao. Jirani yangu ni mzee mmoja wa Kiingereza, mstaafu, mjane, mpole. Mimi humpelekea pilau, yeye huniziba pancha za baiskeli. Kumbe ujana wake wote kazi yake ilikuwa kuandika data za mitetemo ya ardhi kwenye mikanda! Nilipomweleza swali la Mjomba alicheka, halafu akanyamaza, halafu akaweka birika jikoni. Nikajua leo kuna darasa. Ameniruhusu niwasimulie, ila jina lake nisilitaje.

Kwanza, walichochukua. Hawakuchukua mafuta wala madini. Walichukua mwangwi. Ukilipua baruti, sauti inashuka chini, inagonga matabaka ya mwamba, na kila tabaka linairudisha kidogo. Ni kama ile mashine ya kupima mama mjamzito, inayopeleka sauti tumboni na kusikiliza inavyorudi. Juu ya ardhi vimepangwa vipokezi vidogo viitwavyo jiofoni, vinasikiliza. Kwa kawaida wanasikiliza kwa sekunde kama sita, na kila baada ya sekunde 4 za elfu moja wanaandika namba moja. Kwa hiyo kila kipokezi, kwa mlipuko mmoja, kinatoa namba 1,500. Safu hiyo ya namba wanaiita tresi. Mpango wa vipokezi 48 ukitoa tresi 48 kwa mlipuko mmoja, na milipuko ni mamia, mnaona wenyewe mzigo unavyokuwa.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya mimi nesi nikae wima kwenye kiti. Mashine za porini za zamani zilikuwa zinaandika namba hizo zikiwa zimechanganywa. Kipokezi cha kwanza namba yake ya kwanza, cha pili namba yake ya kwanza, mpaka cha 48. Halafu zinarudi kwa namba ya pili ya kila kimoja. Ni sawa na nesi wa zamu azunguke wodi kila saa na daftari moja, aandike joto la kitanda 1, kitanda 2, kitanda 3, wote mstari mmoja. Kwa anayekimbia ni rahisi kuandika hivyo. Lakini daktari hawezi kumtibu mgonjwa kwa daftari la namna hiyo, maana anataka chati ya mgonjwa mmoja tangu asubuhi mpaka jioni. Kwa hiyo ofisini kulikuwa na kazi ya kuzichambua namba zile, kila tresi ikakaa peke yake kama kila mgonjwa na chati yake. Ndipo zinaandikwa upya kwenye mkanda wa kupeana.

Na hapo ndipo vurugu ilipokuwa. Kila kampuni ilikuwa na mtindo wake wa kuandika, na mkanda wa huyu yule hausomi. Chama cha wanajiofizikia cha Marekani, SEG, kilichoanzishwa mwaka 1930, kilianza kutoa miundo ya pamoja mwaka 1967. Mwaka 1975 kikatoa ule uliodumu kuliko yote, SEG-Y. Mpaka leo ndio lugha ambayo wapimaji wa dunia nzima wanapeana data.

Mzee alinichorea mpangilio wake nyuma ya bahasha, na mimi nawapeni kama nilivyopewa.

Mwanzo kabisa wa mkanda kuna ukurasa wa maandishi ya kawaida, baiti 3,200, yaani herufi 3,200. Ni mistari 40, kila mmoja herufi 80, kwa sababu zamani kadi za kutoboa za kompyuta zilikuwa na nafasi 80. Kila mstari unaanza na herufi C na namba yake. Hapo unaandika kwa maneno ya binadamu: kazi ya nani, nchi gani, eneo gani, mstari gani wa upimaji, mwaka gani, vifaa gani, vipimo vilichukuliwa vipi. Kisha zinafuata baiti 400 za namba tupu kwa ajili ya kompyuta: kila baada ya muda gani kipimo kimechukuliwa, kila tresi ina namba ngapi, zimeandikwa kwa mtindo gani. Halafu ndipo tresi zinaanza kupangwa moja moja, na kila tresi inatanguliwa na baiti 240 za utambulisho wake: ni ya mlipuko gani, kipokezi gani, na mahali pake kwenye ramani.

Nikamwambia, Mzee, mbona hii ni wodi yangu! Zile 3,200 ni ukurasa wa mbele wa faili la mgonjwa. Zile 240 ni kitambulisho tunachomfunga mkononi, chenye jina, tarehe ya kuzaliwa na namba yake. Hatumpi mtu dawa kabla ya kusoma mkono wake, hata kama tumemhudumia wiki nzima na tunajua anapenda chai yake na vijiko vingapi vya sukari. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akasema hajawahi kuona mtu akilielewa jambo hilo haraka hivyo. Nami nikavimba kichwa kidogo, mnisamehe.

Hesabu sasa, kwa wapenda hesabu kama binamu zangu. Namba 1,500 kwa baiti 4 kila moja ni 6,000. Ongeza 240 za utambulisho, unapata baiti 6,240 kwa tresi. Mlipuko mmoja wa tresi 48 ni karibu baiti 300,000. Gurudumu la kawaida la zama hizo lilikuwa na mkanda wa futi 2,400, karibu mita 730, wenye upana wa nusu inchi. Kwa mashine iliyoandika baiti 1,600 kwa inchi, na ukiacha mapengo kati ya tresi na tresi, unaingiza milipuko kama 130 tu. Zote hizo ni kama baiti milioni 40, sawa na picha kumi za simu mnazotumiana harusini! Ndiyo maana kazi moja ilijaza shehena ya magurudumu.

Mkanda wenyewe una njia tisa zinazokwenda sambamba. Nane zinabeba data, ya tisa ni mlinzi. Mashine inahesabu alama za moja kwenye zile nane, kisha inaweka ya tisa ili jumla iwe witiri daima. Wakati wa kusoma, jumla ikitoka shufwa, ujue kuna alama imepotea njiani. Nilikumbuka chumba cha upasuaji, tunavyohesabu pamba na mikasi kabla mgonjwa hajashonwa. Hesabu isipotimia, hafungwi.

Halafu kuna pete. Nilicheka sana hapa. Nyuma ya gurudumu kuna mfereji wa mviringo, na ndani yake unabanwa mduara wa plastiki. Pete hiyo ikiwepo, mashine inakubali kuandika. Ukiichomoa, mashine inasoma tu, haiandiki kitu. Kwa hiyo kazi ikiisha unachomoa pete haraka, asije mtu kesho akaandika mambo yake juu ya mwangwi wa kijiji kizima. Mzee anazo mbili bado, zinakaa ndani ya kikombe dirishani. Akaniambia, "Mtaa huu wote wanauza pete za dhahabu, mimi pete zangu ni hizi, na zimelinda vitu vya thamani kuliko zao."

Haya, mpaka hapo ni furaha. Sasa tufike kwenye lile linalomuuma Mzee.

Kuna mikanda aliyowahi kuletewa ambayo ukurasa wa mbele ulikuwa mtupu. Mistari 40, kila mmoja C na namba yake, na baada ya hapo hakuna neno. Aliyeandika alikuwa na haraka, au alidhani karatasi iliyobandikwa nje ya kopo inatosha. Miaka ikapita, gundi ikakauka, karatasi ikadondoka. Tresi zote zimo ndani, nzima kabisa, unaona matabaka ya mwamba yamelala vizuri kama shuka. Lakini ni ya wapi? Hakuna anayejua. "Ni mgonjwa aliyeletwa hana jina," nikasema. Akajibu, "Afadhali mgonjwa, ataamka aseme. Hii haitaamka." Watu walilala porini kwa ajili yake, mikorosho ilikatwa, bibi walisoma dua, na mwisho wake umebaki mwangwi wa mahali pasipojulikana.

Kuna na tabu nyingine ndogo ndogo. Maandishi ya ukurasa ule yameandikwa kwa mtindo wa kompyuta za IBM uitwao EBCDIC, ambao si huu wa kompyuta zetu. Ukiufungua kijinga unaona ukurasa umejaa @@@@@@, kwa sababu nafasi tupu ya IBM ina namba 64, na kwetu 64 ni ile alama ya barua pepe. Kijana asiyejua anadhani faili limeharibika analitupa. Jamani, lisitupwe! Linahitaji mkalimani tu.

Nyingine ni mahali. Muundo wa 1975 haukutenga nafasi maalumu ya kuandika ramani ya data iliyokwisha kuchakatwa, kila mtu akaweka alipotaka. Nafasi hiyo ilikuja kupangwa kwenye toleo la mwaka 2002, na toleo jingine likafuata 2017. Juu ya hilo, ramani zetu za Afrika Mashariki za zamani zilitumia msingi uitwao Arc 1960, wakati GPS za leo zinatumia WGS84. Namba zile zile za ramani, ukizisoma kwa msingi usio wake, zinakuhamisha karibu mita 300. Kwa jangwa ni kitu kidogo. Kwa kwetu, mita 300 ni kutoka shamba la Mjomba mpaka msikitini. Mtu mmoja asipoandika neno "Arc 1960" kwenye ule ukurasa wa mbele, kizazi cha baadaye kinaweza kuchimba kwenye kisima cha udhu.

Na mkanda wenyewe unazeeka. Gundi inayoshika ule unga wa sumaku hunyonya unyevu hewani, mkanda unaanza kunata, na ukiulazimisha kwenye mashine unabanduka na data yake. Tiba yake mtashangaa: wanauoka! Joto la kama nyuzi 50, kwa saa nyingi, taratibu, mpaka unyevu utoke. Baada ya hapo unakubali kusomwa kwa muda, na muda huo ndio wa kunakili. Kwa hewa ya pwani yetu, mnajua chumvi inavyokaa vyumbani ikiwa imelowa, msiniulize mkanda unajisikiaje.

Mtauliza, haya yote ya nini? Walipima, wakaondoka, yameisha. Hapana ndugu zangu, hayaishi. Angalieni hapo hapo kwetu. Kampuni ya Agip ya Italia iligundua gesi Songo Songo mwaka 1974, na Mnazi Bay mwaka 1982. Wakati ule gesi haikuonekana biashara. Kisima cha Mnazi Bay kikaachwa, na wengi wenu mlikua mkisikia ni hadithi ya wazee. Gesi ya Songo Songo ilikuja kufika Dar kuzalisha umeme mwaka 2004. Na mwaka 2005 kampuni ya Artumas kutoka Canada ikakifungua tena kile kisima cha Mnazi Bay, na baadaye umeme wa gesi ukawaka Mtwara. Pigeni hesabu: miaka 30 kwa Songo Songo, miaka 23 kwa Mnazi Bay. Aliyepima na aliyewasha taa hawakukutana. Kilichowaunganisha ni kumbukumbu.

Mnakumbuka pia mwaka 2013, Mtwara ilivyochafuka kwa ajili ya bomba la gesi. Watu walikuwa wanauliza, kilicho chini yetu kinakwenda wapi? Kwa macho yangu swali la Mjomba ni ndugu wa swali hilo. Yeye anauliza, habari za kilicho chini yetu ziko wapi? Ni swali la haki kabisa, na halina ushamba wowote. Shirika letu la TPDC limekuwepo tangu 1969, na Sheria ya Petroli ya 2015 ikaunda mdhibiti, PURA. Vijana wetu mnaosoma jiolojia, au hizo kompyuta zenu, kuna kazi humo ya heshima. Kunakili mkanda wa zamani na kuujazia ukurasa wake wa mbele ni kumrudishia mtu jina.

Hapa Hockley wanalielewa jambo hili kwa njia yao. Kuna ofisi ya kupima dhahabu na fedha, Birmingham Assay Office, iliyoanza mwaka 1773, na siku hizi iko mtaa wa Moreton. Pete ikipita kwao inagongwa mihuri midogo ndani: alama ya aliyeileta, namba ya usafi wa dhahabu, kama 375 au 750, na nanga, ambayo ndiyo alama ya Birmingham. Mji hauna bahari, lakini muhuri wake ni nanga! Siku nyingine nikiwa napita madirishani naona watu wanaigeuza pete ya bibi yao chini ya taa, wanasoma vialama hivyo kwa kioo. Bibi hayupo, sonara hayupo, lakini pete inajieleza yenyewe kwa mtu ambaye haikuwahi kumwona, maana aliyegonga muhuri alifuata mpangilio ule ule kama wenzake wote.

Kwa hiyo Mjomba, jibu lako ni hili. Walichukua sauti ya shamba lako. Kama aliyekuwa zamu siku ile aliandika mistari yake vizuri, bado ipo, na inaweza kusomwa na mtu ambaye hajazaliwa. Nina ombi moja kwako. Mwambie mjukuu akae na daftari, umtajie ile njia ilianzia wapi, ilipita mashamba ya nani, ilitokea wapi, na ilikuwa mwaka gani, hata kama ni kwa kukisia, mwaka wa mafuriko au mwaka wa arusi ya nani. Majina ya zamani ya mahali hayamo kwenye kompyuta yoyote, yamo kichwani mwako.

Mzee anasema amehamisha data kutoka magurudumu kwenda kasha za mraba, kutoka kasha hizo kwenda kasha nyingine ndogo zaidi, na alipostaafu walikuwa wanazipeleka kwenye diski. Vyombo vyote vile vimekwisha kuwa takataka. Ile mistari 40 haijabadilika, bado inaanza na C.

Nawapenda wote. Dada, zile korosho ulizoahidi, Mzee naye anazisubiri. Wiki ijayo panapo majaaliwa nitawaandikia habari za kumtafutia mtoto shule huku. Kazi ipo!